Ndugu Watatu wa Africo

Filamu ya Kiitaliano Anime nere, iliyoongozwa na Francesco Munzi na kuoneshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Venice mwaka 2014, inahusu ndugu watatu wa tumbo moja walioachana njia ukubwani. Luigi, kitinda mimba, anafanya biashara ya dawa za kulevya; tunakutana naye kwanza Amsterdam akipatana bei ya mzigo. Rocco, wa kati, anaishi Milan na mke wake wa kaskazini katika nyumba ya watu wenye nafasi, na kazi yake ni kuzipa fedha za mdogo wake sura ya halali. Luciano, mkubwa wao, amebaki Africo, kijiji cha mkoa wa Calabria chini ya milima ya Aspromonte. Anafuga mbuzi, na hataki kusikia lolote kuhusu shughuli za wadogo zake. Baba yao, mchungaji kama yeye, aliuawa miaka mingi nyuma na ukoo hasimu. Mtu akisimuliwa haya anaweza kudhani amekwisha kujua kitakachofuata: wawili waovu, mmoja mwema, na mwema huyo atanusurika au atakufa na wema wake. Munzi hakufuata njia hiyo. Filamu yake ilitengenezwa nje ya kampuni kubwa za Hollywood, kwa ubia wa Italia na Ufaransa, na nadhani inaeleza kitu ambacho filamu nyingi za mafia zenye majina makubwa zimekipita juu juu: kwamba katika aina hii ya uhalifu undugu ndio nguzo ya genge, na aliyezaliwa ndani yake hatoki kwa kunyamaza na kuchunga mbuzi zake.

Ili kuona kwa nini jambo hilo ni kweli nje ya sinema pia, inafaa kujua 'Ndrangheta imejengwaje. Hili ndilo shirika la kihalifu la Calabria, ambalo mizizi yake inarudi karne ya 19, na ambalo leo ndilo linalotajwa kwanza nchini Italia inapozungumzwa biashara ya kokeini kuingia Ulaya. Kikosi chake cha chini kabisa kinaitwa 'ndrina, na mara nyingi 'ndrina ni ukoo mmoja: baba, wanawe, ndugu zake, wakwe zake. Mtoto wa kiume wa mwanachama huhesabiwa kuwa na haki ya kuingia tangu anapozaliwa, na ndoa kati ya koo mbili hutumika kufunga mapatano au kuzima vita. Mafia wa Sicily hawakujifunga hivyo. Waliandikisha watu wa nje ya damu, na udhaifu wao ukaonekana mwaka 1984 mmoja wao, Tommaso Buscetta, alipoanza kusema mbele ya majaji. Maneno yake na ya wengine waliomfuata yalizaa kesi kubwa ya Palermo iliyohukumu zaidi ya watu 300 mwaka 1987. Kwa miaka mingi Calabria haikuona kitu cha namna hiyo. Mhalifu wa huko anayetaka kuzungumza na mwendesha mashtaka lazima amtaje baba yake mzazi, kaka yake, shemeji yake, mtu aliyembeba mtoto wake siku ya ubatizo. Kiapo cha usiri hakihitajiki sana hapo, maana mapenzi ya kawaida ya kifamilia yanatosha kuufunga mdomo.

Nasisitiza mapenzi kwa sababu filamu nayo inaanzia hapo. Luigi ni mchangamfu, mkarimu, mpenda mzaha. Anaporudi kijijini nyumba inafurika, mbuzi anachinjwa, meza inatandikwa, mama mzee anawatazama wanawe wakila, na mtazamaji anaona kabisa kwa nini kijana wa miaka 20 angetamani kuwa kama yeye. Kijana huyo ni Leo, mtoto wa pekee wa Luciano. Baba yake anampa mbuzi, shamba na ukimya. Baba yake mdogo anampa Milan, fedha, na kitu kikubwa kuliko vyote hivyo, yaani maelezo: kwamba babu yake aliuawa, kwamba waliomuua bado wanatembea barabarani, kwamba jina lake lina uzito. Luciano amekataa kulizungumza jambo hilo kwa miaka mingi akiamini kuwa anamkinga mwanawe. Lakini pengo aliloliacha linajazwa na mwenye hadithi tayari mkononi. Marco Leonardi, anayecheza kama Luigi, ndiye aliyekuwa kijana mpenda sinema katika Nuovo Cinema Paradiso ya mwaka 1988, na sura yake ile ya kupendeka bado ipo. Munzi alijua anachokifanya alipomchagua.

Kisa chenyewe kinaanza kwa jambo dogo la kitoto. Baada ya kugombana na mtu, Leo anakwenda usiku kuifyatulia risasi baa ambayo iko chini ya ulinzi wa ukoo mwingine. Hakuna aliyekufa, kilichoharibika ni mlango na vioo. Kisha anapanda gari kwenda Milan kwa Luigi kana kwamba ameshafanya mtihani na sasa anadai cheti. Kwa ukoo ule mwingine risasi zile ni tusi, na tusi haliwezi kuachwa hivi hivi. Luigi anarudi Africo kutuliza mambo huku akipima nguvu, naye anapigwa risasi na kufa. Mtu anaweza kusema kwamba mtunzi amelazimisha, kwamba mlango wa baa hauwezi kuzaa maiti. Umbali mfupi kutoka Africo kuna kijiji kiitwacho San Luca. Huko, mwaka 1991, wakati wa sherehe za kanivali, vijana waliorusha mayai kwa utani walianzisha ugomvi wa koo mbili ambao uliua watu kwa miaka 16, hadi usiku wa kuamkia tarehe 15 Agosti 2007, wanaume sita walipouawa kwa risasi nje ya mgahawa wa Kiitaliano mjini Duisburg, Ujerumani. Siku ile polisi wa Ujerumani walijikuta wakichunguza damu iliyoanza kwa mayai. Filamu haikutia chumvi. Mtu akiulinganisha na San Luca, Munzi ameusimulia ugomvi wake kwa kujizuia.

Kinachofanya jambo dogo likue hivyo ni hesabu ya damu. Ikiwa genge ni ukoo, basi kila mtu wa ukoo ni sehemu ya genge machoni pa adui, apende asipende. Aliyeshambulia baa ni Leo, anayelipa ni Luigi, na baada ya Luigi macho yote yanamgeukia Rocco, mtu wa mahesabu ambaye hatujamwona akishika bunduki, ambaye sasa anatakiwa kuwa mwanaume mbele ya waombolezaji. Kuna muda mrefu wa msiba katika filamu hii, na ndipo uhodari wa Munzi unapoonekana zaidi. Wanawake wamevaa nyeusi, wanalia kwa sauti. Wanaume wamekaa kando, wanazungumza kidogo, kwa lahaja ya Calabria ambayo hata Waitaliano wengine walihitaji tafsiri chini ya picha ili waielewe. Mke wa Rocco, mgeni kutoka kaskazini, yuko katikati ya watu hao na hajui wanapanga nini. Watu wanaingia kutoa pole, na kila pole ina swali ndani yake: mtafanya nini, mko na nani? Msiba unakuwa kikao. Huzuni ni ya kweli kabisa, na papo hapo ndiyo inayopanga vita inayofuata. Sijaona filamu nyingine iliyoyashika mambo hayo mawili kwa pamoja bila kulidharau hata moja.

Atatokea wa kusema kwamba Francis Ford Coppola alishayasema haya kitambo. Katika sehemu ya pili ya The Godfather, ya mwaka 1974, Michael Corleone anaamuru kaka yake Fredo auawe, na hakuna aliyeisahau mashua ile ziwani. Ni kweli, na filamu zile ni kazi kubwa. Lakini kuna tofauti ya kile zinachotufanya tukitamani. Familia ya Corleone ina enzi ya kurithi. Ina ukumbi wenye mwanga hafifu, muziki, maneno ambayo watu wazima wanayakariri hadi leo, na hata dhambi ya Michael ina utukufu wa mfalme aliyebaki peke yake. Ndugu wa Africo hawana enzi. Kijiji chao ni nyumba zisizokwisha, nondo zikichungulia juu ya paa zikingoja ghorofa ambayo haijajengwa. Mamilioni yanapita mahali pengine, na hapa panabaki mbuzi na makaburi. Hilo nalo si ubunifu wa sinema. Septemba 2009 wapelelezi walirekodi picha za wakuu wa 'Ndrangheta wakikutana karibu na kanisa la hija la Polsi, huko huko Aspromonte, na mtu waliyemtambua kuwa amepewa cheo cha juu alikuwa Domenico Oppedisano, mzee wa karibu miaka 80 aliyejulikana Rosarno kama mkulima anayepeleka mazao sokoni kwa bajaji ya mizigo. Julai mwaka uliofuata walikamatwa watu wapatao 300 katika operesheni moja, huko Calabria na katika mkoa wa Milan kwa pamoja. Kusini ya mbuzi na kaskazini ya akina Rocco zilikuwa katika faili moja.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la watu wa Calabria wenyewe: kwamba filamu kama hizi zinakipaka matope kijiji kizima na kuwapa watu wa kaskazini sababu nyingine ya kuwadharau wa kusini. Kwa sehemu nakubaliana nao. Africo ina walimu, wauguzi na wakulima wasiohusika na lolote, na katika Anime nere hao karibu hawaonekani kabisa. Mtazamaji asiyejua anaweza kuondoka akidhani kila mlango una bunduki nyuma yake. Huo ni upungufu halisi. Ila haiwezi kusemwa kwamba hii ni hadithi ya mgeni. Riwaya ambayo Munzi aliifuata, iliyotoka mwaka 2008, imeandikwa na Gioacchino Criaco, mwana wa Africo. Filamu ilipigwa hapo hapo, wenyeji wakiwa miongoni mwa waigizaji. Na historia ya mahali hapo inasaidia kueleza kwa nini ukoo ukawa kila kitu. Africo ya zamani ilikuwa juu milimani, maskini kiasi kwamba mwandishi Umberto Zanotti Bianco alipoitembelea mwaka 1928 aliyoyaona yaliwashangaza wasomaji wake. Mafuriko ya Oktoba 1951 yaliibomoa, na watu wake wakahamishiwa pwani, kwenye kijiji kipya kisichokuwa na malisho yao wala mashamba yao. Jamii iliyong'olewa namna hiyo, na serikali ikiwa mbali, hubaki na kitu kimoja cha kuegemea, nacho ni jamaa. Filamu inaionesha serikali hiyo kwa kutokuwepo kwake: polisi hawana nafasi ya maana katika maisha ya watu hawa, na hakuna mhusika anayefikiria kwa dhati kwenda kushtaki.

Wasomaji wengi wa Kiswahili watakuwa na pingamizi la tatu, na hilo ndilo linalonishughulisha kuliko mengine. Kwetu damu ni nzito kuliko maji. Jamaa ndio bima ya afya, ndio mkopo wa ada, ndio mahali pa kulala ukipoteza kazi mjini. Tumefundishwa kwamba ndugu wakigombana tuchukue jembe tukalime na wakipatana tuchukue kapu tukavune. Mambo yao watayamaliza wenyewe. Je, filamu hii haitufundishi kuogopa kile kinachotuweka hai? Nadhani inatufundisha kuangalia nani anakitumia. Uhalifu wa kupangwa haukubuni undugu. Uliukuta ukiwa na nguvu, ukaukodi bure, kwa sababu hakuna mkataba mwingine unaomfanya mtu afiche siri ya mwenzake, amlee mtoto wake akifungwa na kumlipia kisasi akifa, yote bila mshahara. Na jambo hili limefika pwani yetu. Ibrahim Akasha wa Mombasa aliuawa kwa risasi Amsterdam mwaka 2000. Wanawe wawili, Baktash na Ibrahim, walikamatwa Mombasa mwaka 2014, wakapelekwa Marekani Januari 2017, na mwaka 2018 wakakiri mashtaka ya dawa za kulevya mbele ya mahakama ya New York. Baktash alihukumiwa miaka 25 jela mwaka 2019, na mdogo wake miaka 23 mwaka uliofuata. Sitaki kuwalinganisha mtu kwa mtu na wahusika wa Munzi, maana nchi ni nyingine na biashara iliendeshwa kwa njia nyingine. Lakini baba aliyeuawa, wana waliobaki na jina lake, na ndugu wawili kizimbani kwa shauri moja ni mambo ambayo msomaji wa Mombasa hahitaji kutafsiriwa.

Mwisho wa filamu sina budi kuutaja, kwa sababu hoja yake yote imewekwa hapo. Ambaye hajaiona na anataka kuiona bila kujua aiache aya hii. Leo, akitaka kumlipizia kisasi baba yake mdogo, naye anauawa. Luciano amebaki bila mwana. Kila kitu tulichojifunza kuhusu hadithi za kisasi kinatuandaa kumwona mchungaji huyu akichukua bunduki na kwenda kwa maadui. Anaichukua kweli, lakini anamuua Rocco, ndugu yake wa mwisho aliye hai. Wapo wanaouona mwisho huu kama wazimu wa mzazi aliyefiwa, na wengine wanaona kuwa mtunzi alitaka kushtua tu. Mimi naona kuna fikra ndani ya tendo hilo, fikra ya kutisha lakini iliyonyooka. Luciano ameelewa kwamba ukoo hasimu haukuweza kumfikia mwanawe mpaka ulipopitia kwa wadogo zake. Ameelewa pia kwamba akiwaua wale wengine atakuwa ameendeleza kazi ileile aliyoikataa maisha yake yote, na kwamba kwa Rocco kifo cha Leo kitakuwa deni jipya la kudai. Anaushambulia undugu kwa sababu ndio uliombeba mwanawe hadi kaburini. Na bado hakuna anachokikomboa. Silaha aliyoitumia ni ileile, amri ameitoa peke yake, na nyumba imebaki na wanawake na makaburi. Munzi hamsifu. Anatuachia mtu aliyeuona ukweli akiwa amechelewa, asiyekuwa na njia nyingine mkononi isipokuwa ile aliyoirithi.

Njia nyingine ilikuwapo, ingawa ilikuwa changa sana. Mwaka 2012, miaka miwili kabla filamu haijatoka, mahakama ya watoto ya Reggio Calabria chini ya Jaji Roberto Di Bella ilianza kuwaondoa baadhi ya watoto katika familia za 'Ndrangheta na kuwapeleka nje ya mkoa. Di Bella alikuwa amegundua kwamba anawahukumu watoto wa watu aliowahukumu wenyewe walipokuwa wadogo, majina ya koo yakiwa yaleyale. Mpango huo uliitwa Liberi di scegliere, yaani kuwa huru kuchagua, na ulizua makelele makubwa. Walioupinga walisema serikali inawapora wazazi watoto wao, kwamba kosa la baba haliwezi kumfanya mtoto aadhibiwe kwa kutengwa na mama yake. Ni hoja ya kuheshimiwa, na mahali popote ambapo serikali imewahi kuwatenga watoto na wazazi kwa sababu ya kabila au umaskini imeacha majeraha. Lakini Reggio Calabria kilikuwa kitu tofauti: mahakama ilitaka ushahidi kwamba mtoto fulani anaandaliwa kwa uhalifu au yuko hatarini, na ilipima shauri moja moja. Ushahidi unaonishawishi zaidi ni wa akina mama. Baada ya muda baadhi yao walianza kwenda wenyewe kwa majaji, kwa siri, kuomba watoto wao wachukuliwe, au waondoke nao. Walijua hatari. Lea Garofalo, aliyewahi kutoa ushahidi dhidi ya ukoo wa baba wa binti yake, aliuawa Milan Novemba 2009 kwa mkono wa mwanaume huyo na wenzake, na binti yao, Denise, alisimama mahakamani dhidi ya baba yake mzazi.

Wengine wanasema hivi ni vitone baharini, kwamba 'Ndrangheta ina maelfu ya watu na fedha zisizohesabika. Hata hivyo kimya kimeanza kupasuka kule kule kulikofungwa zaidi. Emanuele Mancuso, wa ukoo wenye nguvu wa Limbadi, alianza kushirikiana na waendesha mashtaka mwaka 2018, wakati binti yake akizaliwa, na ukoo ukamshinikiza anyamaze kwa kumtumia mtoto huyohuyo. Hakunyamaza. Alitoa ushahidi katika kesi kubwa iliyofunguliwa Lamezia Terme Januari 2021, na Novemba 2023 mahakama ikawatia hatiani zaidi ya watu 200. Baadhi ya waliosimama kizimbani na waliosimama kuwashtaki kwa maneno yao walikuwa na majina ya ukoo yanayofanana. Anime nere ilitunukiwa tuzo tisa za David di Donatello mwaka 2015, ikiwemo ya filamu bora, na wanafunzi wa sinema wataendelea kuisoma kwa picha zake na sauti zake. Wanaofanya kazi na vijana, iwe Reggio, Mombasa au Dar es Salaam, wangenufaika nayo pia, hasa kwa sehemu zile ambazo Luciano ananyamaza mbele ya mwanawe. Leo alimwendea Luigi kwa sababu Luigi ndiye mtu mzima pekee aliyekubali kumjibu.